Ngozi za Ngoma ya Baba

Tulipokuwa tunatoa vitu katika nyumba ya baba, wiki moja baada ya kumaliza matanga, mdogo wangu alishusha kutoka darini gunia la kahawa lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani mlikuwa na ngozi nne za ngoma, zimepangwa moja juu ya nyingine kama sahani. Moja ilikuwa nyeupe, ya plastiki. Moja nene, imefifia. Ya tatu ilikuwa ya mbuzi, na miaka yote ile haikuwa imeimaliza harufu yake. Ya mwisho ilikuwa nyeusi yenye ubluu kwa mbali, nyepesi, ikipitisha mwanga.

Mdogo wangu aliiinua ile nyeusi mbele ya dirisha, akacheka. "Dada, hizi si mbavu za mtu hizi?"

Nikamwambia aiweke chini polepole. Yeye alizaliwa baada ya mambo hayo, na sikuwa na nguvu ya kumsimulia siku ile. Nimeona nisimulie hapa, taratibu, kwa wale ambao nao wamewazika wazazi wao na wamebaki na vitu mikononi wasijue waviweke wapi.

Ngoma yenyewe ilikuwa ya bendi ya kigango chetu, kanisa letu dogo la Kikatoliki kule Maguu. Kama hujawahi kuishika, ngoja nikueleze. Ni ile ngoma ndogo inayoning'inia kiunoni kwa mkanda na kupigwa kwa fimbo mbili. Pipa lake ni la chuma kinachong'aa. Ina ngozi mbili, ya juu na ya chini, na chini kabisa zimenyooshwa nyaya nyembamba zilizosokotwa. Ukipiga ngozi ya juu, hewa iliyo ndani ya pipa huisukuma ile ya chini, na ya chini huzitikisa nyaya, ndipo unasikia ule mchakacho kama wa mahindi yanayopepetwa kwenye ungo. Baba alizoea kusema kwamba ngozi ya juu inauliza na ya chini inajibu. Chuma ni kilekile siku zote, huwezi kukibadilisha tabia. Lakini ngozi unachagua, na ukibadilisha ngozi umepata ngoma nyingine kabisa.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa kama jirani zetu wote, ila watu walimwita Mwalimu kwa sababu ya bendi hiyo. Muziki alifundishwa na bruda mmoja wa misheni wakati wa ujana wake. Tulikuwa na matarumbeta matatu, filimbi kadhaa, ngoma kubwa, na hii ndogo ya chuma. Aliyekuwa akiipiga alipohamia Songea kutafuta kazi, baba alinivalisha mkanda mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Watu waliguna. Kanisius, kijana wa ngoma kubwa, akaitazama ngoma ilivyonikaa kiunoni, akasema, "Mwalimu, huyu ataipiga au atailea?"

Wote wakacheka, na baba pia. "Ataipiga hadi wewe uombe maji," akajibu.

Siku hizo ilikuwa na ngozi ya mbuzi juu. Baba aliitengeneza mwenyewe: aliiloweka, akaikwangua manyoya kwa kipande cha chupa, akaikunja mbichi kwenye mzunguko wa mti, akaiacha ikauke kivulini. Ngozi ya mbuzi ni kama mtu, ina siku zake. Ukungu wa Maguu ukishuka, hulegea na kuguna. Tuliipasha moto jikoni kabla ya mazoezi, na nyumba nzima ikanuka zizi na moshi. Lakini ikikaa sawa ilikuwa na sauti ya chini kidogo, ya joto, yenye mwanzo na mwisho. Haikupiga kelele. Jioni moja nilipomaliza zoezi la mfululizo bila kukosea, baba aliyekuwa akimenya muhogo alisimamisha kisu. "Inaongea," alisema. Basi. Nililala na neno hilo kwa mwezi mzima.

Halafu baba akaugua kifua. Alikohoa msimu wote wa kuchuma kahawa, akapelekwa Mbinga mjini akapigwa picha, na aliporudi akawa anakwenda kuchomwa sindano zahanati kila asubuhi kwa miezi miwili. Sindano zilimponya. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu wengi wa wakati wake hawakupona. Alirudisha mwili, akarudi shambani, akarudi kwenye bendi.

Lakini aliyerudi kwenye bendi alikuwa mtu mwingine, au ndivyo nilivyomwona. Alisema kwa sauti kubwa hata alipokuwa karibu nawe. Nilipomwita kutoka chini kwenye mibuni hakuitika, na nikadhani amekasirika. Alikuwa na tabia mpya ya kukukazia macho mdomoni unapozungumza, kama mtu anayengoja uongo utoke. Siku ya kwanza ya mazoezi alinisimamisha mbele yake.

"Piga."

Nikapiga.

"Piga kwa nguvu."

Nikapiga hadi viganja vikawaka. Akatikisa kichwa. "Hii ngozi imekufa," akasema, na palepale akatoa ufunguo mfukoni, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akaitoa ngozi yangu ya mbuzi.

Haikuwa imekufa. Nilikuwa naisikia. Mzee Ditram, mwenyekiti wa bendi na mpigaji wa tarumbeta kubwa, naye alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, kisha akaufunga. Na mimi, kwa akili zangu za miaka kumi na mmoja, nilikata shauri kwamba kama ngozi ni nzima basi kibovu ni kingine. Kibovu ni mpigaji.

Akaweka ile nyeupe ya plastiki, ambayo ililetwa pamoja na ngoma na haikuwahi kutumika. Plastiki haijali ukungu. Sauti yake ni safi, iko juu zaidi, na uso wake uliopakwa rangi unakwaruza kidogo chini ya fimbo. Alinionyesha namna ya kuikaza: skrubu moja, kisha inayoitazama ng'ambo, kisha ya pembeni yake, kisha ng'ambo tena, ili ivutike sawasawa pande zote. Alinifundisha kugonga kwa kidole karibu na kila skrubu na kusikiliza kama zinalingana. "Sikiliza wewe," aliniambia. "Masikio yako ni mapya." Nilidhani ananipima.

Wiki tatu. Akaiona nayo haifai. Mtu akamletea ile nene kutoka Songea, ya matabaka mawili, kama zawadi. Akaifunga, nikaipiga mara nne, hata mkanda sikuwa nimeuvaa sawasawa. "Itoe, itoe," alisema. Ngozi nene haikatiki upesi, lakini inameza sauti. Mlio wake ni mfupi na mzito, kama mtu anayegonga mlango kwa goti. Leo najua kwa nini uso wa baba ulivunjika vile. Siku ile niliona kwamba nimeshindwa tena, na kwa zawadi ya watu.

Usiku huo nilimuuliza mama, tukiwa tunapukuchua mahindi, kama ni kweli baba anataka kuninyang'anya ngoma.

"Nani kakwambia?"

"Kila ngozi anasema mbaya. Si mimi huyo?"

Mama aliendelea kupukuchua. "Baba yako anatafuta kitu," alisema. "Mwache atafute." Kisha, bila kunitazama: "Na usimwulize. Umenisikia? Usimwulize mbele za watu."

Nikaongeza bidii. Nilipiga juu ya kigoda, juu ya debe, juu ya magoti yangu mwenyewe. Kila siku baba alinitazama mikono kwa makini, akisahihisha kiwiko, akisahihisha kidole gumba, kwa upole wake uleule wa siku zote, na kila siku aliondoka akiwa na uso wa mtu aliyekosa gari.

Asubuhi moja nilimkuta ukumbini ameinua picha yake ya kifua kwenye mwanga. Nilikuwa sijawahi kuiona. Niliona weupe uliopinda pande mbili katika weusi, nikauliza, "Baba, huyu samaki gani?" Tulizoea kuletewa samaki wakavu kutoka ziwani, na nilidhani ni mifupa ya mmoja wao, mkubwa ajabu. Hakunijibu. Alikuwa amenipa mgongo. Mama ndiye aliyecheka, kisha kicheko kikamkatikia, akasema, "Hiyo daktari alisema itunzwe."

Baba akageuka alipomwona mama anasogea. Ikabidi mama arudie.

"Kifua kimepona," baba akasema. "Kifanye kazi nyingine."

Akachukua mkasi akaikata duara. Ngoma yetu ilikuwa ndogo kuliko za bendi kubwa, kwa hiyo picha ilitosha, na pembeni ukabaki upana wa kukunjia. Akaibana, akaikaza hadi ikalia kwa ukucha.

Sijui nikueleze vipi sauti ile. Ngozi nyembamba sana, iliyokazwa sana, juu ya pipa la chuma: hakuna chochote cha kuituliza. Ilipasuka. Kuku walikimbia. Kila pigo lilikuja na mlio wa bati nyuma yake, na nyaya za chini zikapiga kelele kana kwamba zimechomwa. Baba aliinama akaweka shavu lake kwenye pipa nikiwa bado napiga, nikadhani anatafuta mahali lilipobonyea. Alipoinuka alikuwa anatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Hii naipata," alisema.

Nililichukia tabasamu lile. Kwenye mazoezi Kanisius aliziba masikio kwa viganja. "Mama yangu! Kigango sasa kina sufuria!" Nami nilikubaliana naye moyoni. Mwaka mzima nilikuwa nikijifunza kuifanya ngoma iongee, na baba kachekelea sufuria.

Bendi ilialikwa kwenye sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa parokia moja huko ziwani. Tulipanda lori la Fuso na vyombo vyetu, tukashuka zile kona za kwenda Mbamba Bay tukiimba, tukavua masweta mojamoja kadiri joto lilivyopanda, hadi tukauona ulimwengu wa maji chini yetu. Tulilala kwenye madarasa. Nilikuwa nimeficha kitu ndani ya kitenge changu, katikati ya nguo: ngozi ya mbuzi.

Sikuwa na ubaya. Nilifikiri hivi: baba ameisahau sauti ile. Ugonjwa umemsahaulisha. Akiisikia hapa, mbele ya mapadre na bendi nyingine, na mikono yangu ya sasa ikiwa imekomaa, atakumbuka, atageuka, atasema lile neno. Ndiyo shauri lote. Alfajiri, wenzangu wakiwa wanapiga mswaki nje, niliiba ufunguo kwenye koti lake, nikatoa mbavu, nikafunga mbuzi. Skrubu moja, kisha ya ng'ambo. Niligonga kwa kidole nikasikiliza, kama alivyonifundisha. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeilegeza, nikaikaza zaidi. Kisha nikaifunika ngoma kwa kitenge, nikisema nazuia mchanga.

Mpango wa maandamano ulikuwa rahisi. Baba mbele kabisa, na ile fimbo yake ndefu ya kuongozea, mgongo wake kwetu. Sisi nyuma yake. Nyuma yetu waumini, na mwisho padre na Sakramenti. Tungetembea kando ya ziwa hadi kwenye altare iliyojengwa ufukweni. Padre akifika kwenye tao la maua lililowekwa kabla ya altare, Mzee Ditram angenikonyeza, nami ningepiga mapigo matatu makavu, na bendi nzima isimame. Baba hakuhitaji kugeuka. Mapigo yale yalikuwa ndiyo macho yake ya nyuma.

Nilifunua ngoma tukiwa tumeshajipanga. Na ikaongea. Wallahi, nasema kama wasemavyo wenzetu Waislamu, iliongea. Jua lilikuwa limeanza kuipasha, na kila pigo lilitoka la mviringo, lenye joto, chini kidogo ya matarumbeta, likiyabeba. Mzee Ditram alinitupia jicho juu ya tarumbeta lake, nyusi zikapanda. Kanisius akanisogelea, akasema bila kuacha kupiga, "Haya dada, leo ndiyo umeleta ngoma."

Niliutazama mgongo wa baba. Ngoja, niliuambia. Ngoja usikie.

Mgongo ule haukuwa sawa. Hatua yake ilikuwa mbele ya mdundo, kisha nyuma, kisha mbele. Fimbo yake ilipanda sisi tukiwa tumeshateremka. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Alikuwa anageuza kichwa kidogo, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta inzi.

Padre akafika kwenye tao. Mzee Ditram akanikonyeza. Nikapiga matatu. Bendi ikasimama kama ukuta.

Baba hakusimama.

Aliendelea kutembea, mgongo umenyooka, fimbo ikipanda na kushuka katika ukimya ule, akaipita altare, akaingia kwenye mchanga laini. Kwanza watu walidhani ni sehemu ya onyesho. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa kando ya mitumbwi akapaza sauti, "Mwalimu! Ziwa hilo, barabara imeishia huku!" Na mwingine, "Mwacheni, anakwenda kuvua!" Kicheko kikalipuka ufuko mzima. Alitembea hadi maji yakamwingia kwenye viatu vyeupe alivyokuwa amevipaka chaki jana yake. Hapo ndipo alipogeuka.

Aliona midomo. Ndicho nilichokielewa palepale, nikiwa nimesimama na fimbo zangu mbili: kwamba anaona midomo ya watu wote wazi, na haisikii. Mambo yote ya mwaka ule yalinijia kwa pamoja, mgongo ukumbini, shavu kwenye pipa, lile neno lake "Sikiliza wewe."

Miaka mingi baadaye mama alinieleza. Muuguzi alimwonya mapema: sindano hizi kwa watu wengine huharibu masikio, yakianza kulia tuambie. Yalianza kulia. Baba hakusema, kwa kuwa aliogopa dawa ikikatizwa kifua kitarudi, na baadaye hakusema kwa kuwa bendi haiongozwi na kiziwi. Akabaki anatafuta ngozi ambayo bado inamfikia.

Baada ya misa tulikusanyika kwenye baraza la shule. Baba aliketi kwenye ngazi, viatu vikimwagika maji. Aliivuta ngoma yangu magotini, akaweka kiganja juu ya ngozi, akakiacha hapo. Mzee Ditram alikuwa amefura.

"Nani amebadilisha ngozi?" aliuliza. "Tulikubaliana moja, tunakuja kupiga nyingine. Tumekuwa kichekesho hadi kwa wavuvi. Nani?"

Nilihisi Kanisius ananitazama, kisha anatazama pembeni. Baba alikuwa amekaza macho kwenye mdomo wa Mzee Ditram. Akageuka, akanitazama mimi, muda wa pumzi moja tu.

"Mimi," baba akasema, kwa ile sauti yake kubwa mno.

"Wewe Mwalimu? Kwa nini?"

"Nilidhani itafaa. Nimekosea." Kisha akasema lililobaki. "Ditram, sisikii. Ni karibu mwaka sasa. Nilikuwa nafuata ule mlio mkali, ule tu ndio nilikuwa naupata. Huu siupati kabisa. Nitafutieni mtu mwingine wa kuongoza."

Mzee Ditram aliketi chini kando yake. Hakuna aliyecheka, hata Kanisius. Baada ya muda mzee akachukua ile fimbo ya kuongozea kutoka mikononi mwa baba, si kwa kumnyang'anya, kama mtu anavyompokea mwenzake mzigo.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi. Nilikuwa nayo pale, na nilikuwa nayo kwa miaka yote iliyofuata, hadi mwezi uliopita tulipomzika. Sikuitumia. Pale niliogopa, baadaye niliona kwamba kusema ni kumrudishia zawadi aliyoilipia kwa kila alichokuwa nacho.

Kurudi, tulikaa pamoja nyuma ya Fuso, migongo kwenye bodi. Kona zilipoanza na baridi ikarudi, alinivuta upande wake, akanigeuza uso ili aone mdomo wangu.

"Ile ngozi ya mbuzi," alisema, na alijaribu kuipunguza sauti yake, naona, asisikike na wengine. "Leo ilikuwaje?"

"Nzuri, baba."

Akatikisa kichwa, akitaka zaidi. "Nzuri vipi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nalia. Yeye ndiye aliyekuwa amenieleza kila kitu nilichokijua kuhusu sauti, na sasa alikuwa anangoja nimweleze moja tu. Alingoja bila haraka, macho yake mdomoni kwangu, gari likipanda, kona baada ya kona, hadi giza likaingia na asiweze kuuona tena.